Mkalimani Asiye na Kesi

Hakusimama sambamba na mtu hata siku moja. Kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwenye duka la dawa, hata kanisani watu wanapopeana amani, alikuwa nusu hatua nyuma ya aliye karibu naye, kidogo upande wa kushoto, kichwa kimeinama kama mtu anayesubiri sentensi ya mwenzake iishe. Watu wa kijijini kwake, Daudi, walishamzoea. Mgeni ndiye aliyegeuka kumtazama na kushika mfuko wake wa simu.

Tulimwita Mkalimani. Jina alikuwa nalo, na kanisani lilisomwa pamoja na mengine, lakini ungelitaja pale Mbulu mjini watu wangekuuliza ni nani huyo. Kazi yake ilikuwa kusimama mahakamani. Mzee wa Kibarbaig akipanda kutoka Hanang na kesi ya ng'ombe, au bibi wa Kiiraqw akija na kesi ya mpaka wa shamba, na Kiswahili chake kikaishia kwenye salamu, basi kati yake na hakimu alisimama yeye. Mimi sikumjua wakati huo. Nilimjua alipokuwa amestaafu, na katika miaka yote niliyomjua alitafuta kitu kimoja tu: mtu wa kumlipa aifanye tena kazi ileile. Alizaliwa wapi na ukoo gani, hayo yatasomwa siku yake ikifika, na atayasoma mtu mwingine.

Niseme mapema kwamba nimeanza kuandika habari hizi na kuzifuta mara nyingi, kiasi kwamba shangazi yangu, mwenye steshenari ninayofanyia kazi, ameniuliza kama nalipwa kwa kufuta. Sikusomea uandishi. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo nisiyopenda kuyataja, nikajifundisha kuchapa na kupanga kurasa kwa kutazama video kwenye simu, na kuandika nikajifundisha kwa kusoma kila karatasi iliyoletwa kutolewa kopi: barua za uhamisho, mihtasari ya vikao, historia za marehemu. Nikikosea koma naurudia ukurasa mzima. Si mfano, naurudia kweli. Kwa hiyo ninaandika kwa hofu, na sehemu ya hofu hiyo ni yeye, kwa sababu najua angenisimamisha kwenye sentensi ya kwanza na kuuliza: "Hilo nani amesema?"

Ndivyo alivyoniuliza siku ya kwanza. Aliingia dukani amevaa koti jeusi la mahakamani, ukungu bado umemkaa kwenye mabega.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unaweza kuandika tangazo?"

"Naweza."

"Bila kuongeza la kwako?"

Nikasema naweza, ingawa sikuelewa. Akanisomea: mkalimani mzoefu, Kiiraqw, Kibarbaig na Kiswahili, anapatikana Daudi, namba hii hapa. Nikachapa, na chini yake nikaongeza "kwa bei nafuu", kama tunavyofanya kwenye matangazo yote.

"Hilo nani amesema?"

"Matangazo yote yanasema hivyo, babu."

"Mimi sijasema."

Nikafuta. Nikachapa tena, nikaona maandishi yamesogea kidogo kushoto, nikarekebisha. Nikatoa, nikaona wino umefifia pembeni, nikatoa nyingine. Watu nyuma yake walianza kunung'unika. Yeye hakunung'unika. Alitazama karatasi nilizozitupa, zote sawa machoni pa mtu mwenye akili timamu, akasema, "Wewe una ugonjwa wangu." Tangu siku ile akawa anapita dukani kila anaposhuka mjini.

Tangazo lilibandikwa sokoni, stendi na kwenye mti wa mbele ya zahanati. Simu ilipigwa mara moja, na aliyepiga alitaka kujua kama anauza mbegu ya kitunguu swaumu.

Mtu aliyewahi kumwona mahakamani hakumsahau, kwa sababu mkalimani wa mahakama hasemi "mshtakiwa anasema aliiba." Husema "niliiba." Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo, mbele ya watu, kwa sauti iliyonyooka, alikiri makosa ya wilaya nzima. Alikiri wizi wa ng'ombe, kuchoma majani ya jirani, kumpiga mke, kumtukana mama mkwe. Alilia? Hapana. Aliyesema akilia, yeye alisema maneno ya kilio kwa macho makavu, halafu akanyamaza kwa muda uleule ambao mwenyewe alinyamaza. Vijana wa bodaboda pale stendi hawakumwacha apite hivi hivi.

"Mzee, shikamoo. Leo umeiba nini?"

"Marahaba. Leo nimesingiziwa."

Wakacheka, naye akaendelea na safari yake. Nadhani alipenda kutaniwa hivyo. Walikuwa wanatania kazi yake, na kazi ikitaniwa maana yake bado ipo.

Kujisemea mwenyewe ndiko kulikomshinda. Alipozungumza habari zake alisema "mzee huyu." Mzee huyu amekohoa wiki nzima. Mzee huyu hajala. Hata neno zuri hakuweza kulitoa kama lake. Shangazi akimpa chai alisema, "Watu wanasema chai yako ni nzuri," na shangazi alipouliza watu gani, alitazama nje kuona kama kuna mtu anayepita.

Alikuwa mgumu pia, sitaki kumfanya malaika. Aliweza kubeba tusi la mtu mwingine, la nguoni kabisa, akalishusha mbele ya hakimu bila kutikisika ukope, lakini kijana akimpita bila kumwamkia alinuna mpaka Jumapili. Alijisifu. Alisema hakuna mtu kati ya Mbulu na Katesh anayejua kubeba maneno ila yeye, na ukimtajia mwingine anaguna. Na alikuwa mtu wa kusikiliza ambaye hakusikiliza ushauri wowote.

Ushauri haukukosekana. Mstaafu wa kwetu kila mtu anajua la kumfanyia. Fuga nyuki. Lima ngano. Kuwa mlinzi wa shule, unakaa tu kwenye kiti. Binti yake wa Arusha alimletea vifaranga vya kisasa na banda la mabati, na baridi ya Daudi ikavimaliza vyote kabla havijaota manyoya ya shingoni. Binti alisema atamletea vingine. Yeye akasema, "Usilete. Mzee huyu hataki kazi ya kumshughulisha. Anataka kazi anayoipenda, na alipwe."

Hapo kwenye malipo ndipo watu walipomwona mchoyo. Mimi mwenyewe nilimuuliza siku moja, mvua imemfungia dukani, kwa nini asitafsiri bure, akasaidia wazee wenzake, akapata baraka.

"Asiyekulipa anakushukuru," alisema. "Na mzee huyu amechoka kushukuriwa. Mtu akikushukuru huwezi kumwambia subiri, hapo umesema haraka, rudia. Huwezi kumwambia usinikatize. Unakuwa umemsaidia tu, kama uliyemshikia kamba ya mbuzi. Anayekulipa anakusubiri umalize."

Nimeibeba kauli hiyo kwa muda mrefu. Mimi pia kuna ninachokipenda, ni hiki ninachokifanya sasa hivi, na hakuna anayekilipa. Nalipwa kwa kutoa kopi. Nilipomtazama yule mzee na koti lake, nilijiona mimi nikiwa na mvi, nabandika tangazo la kuandika vizuri.

Tatizo lake lilikuwa kwamba watu walishaelewana. Si kwamba walipatana, hapana, ila walielewana. Mahakamani wajukuu wa wale wazee wanajisemea wenyewe kwa Kiswahili cha shule. Hospitalini wauguzi ni watoto wa hapa hapa, wanauliza unaumwa wapi kwa lugha ya mama yako. Aliyebaki bila Kiswahili ni mzee sana, na mzee sana ana mjukuu. Mkalimani alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Alisema, "Kazi hii inakufa kwa sababu nzuri. Ingekufa kwa sababu mbaya ningeweza kulalamika."

Kuna mhubiri mmoja kutoka mbali aliyefanya mkutano uwanjani Daudi akataka wa kumtafsiria kwa Kiiraqw. Alimpa Mkalimani kazi. Nilikwenda kumwona, nikiwa na furaha kama ni mimi niliyeajiriwa. Mhubiri aliruka, akalia, akapiga kelele mpaka shingo ikavimba. Mkalimani alisimama nusu hatua nyuma yake, mikono mgongoni, akasema yote hayo kwa sauti ya shahidi namba mbili. Moto wa jehanamu ulitoka kinywani mwake kama taarifa ya moto uliokwisha kuzimwa. Mhubiri akaona watu wametulia mno, akamwinamia akanong'ona.

Mkalimani akawageukia watu, akawatafsiria na hilo. Wazee wanaojua Kiiraqw tu walishangaa, wengine wote tukaangua kicheko, maana mhubiri alikuwa amesema, "Mzee, weka moto kidogo."

Kesho yake kazi ilipewa kijana wa kwaya aliyejua kuruka. Mkalimani alikwenda kusikiliza, akarudi akaniambia, "Kijana yule amehubiri mahubiri yake mwenyewe. Mhubiri ataondoka bila kujua alichowaambia watu wa Daudi." Aliona hilo ni jambo baya sana. Watu walisema mkutano wa siku ile ulibarikiwa.

Nyumbani kwake kulikuwa kimya. Mkewe alishatangulia, na redio ndiyo iliyobaki kuzungumza. Nilimpelekea karatasi zake siku moja mchana, nikamkuta anaosha vyombo mgongo kaupa mlango, taarifa ya habari inasomwa, naye anaibeba taratibu, nyuma ya msomaji kwa neno moja mawili. Nikatega sikio. Hakikuwa Kiiraqw. Alikuwa anatafsiri kwa Kibarbaig, na Daudi nzima hakuna Mbarbaig hata mmoja. Nilisubiri nje mpaka habari za michezo, ndipo nikapiga hodi.

Halafu ikaja posa ya Endasak, na hapo alijiharibia mwenyewe, au alijitengeneza, mpaka leo sijaamua.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alimpenda binti wa Kibarbaig kutoka upande wa chini ya Endasak, mlima Hanang umewakalia mgongoni. Wao wawili walielewana kwa Kiswahili na kwa simu. Lakini wazee wa upande wa binti walisema jambo la kumtoa mtoto haliwezi kusemwa kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ni cha ofisini. Mjomba naye Kibarbaig hajui. Akamkumbuka Mkalimani, ambaye aliwahi kumsimamia kwenye kesi ya shamba.

Kwetu mtu wa kubeba maneno ya posa halipwi. Hilo linajulikana pande zote mbili. Anakuwa shangazi aliyeolewa kule, au rafiki wa siku nyingi, anakula kwa wote na hapokei kitu kwa yeyote, kwa sababu akipokea kwa mmoja, maneno ya yule mwingine yataegemea. Mkalimani alilijua hilo kuliko mjomba. Lakini alisema yeye hafanyi bure tena. Mjomba alitaka mambo yaishe, akampa bahasha, wakakubaliana isitajwe.

Tulishuka Dareda, tukapanda bodaboda mpaka kwao binti. Mimi nilikaa na wanawake karibu na mlango, kazi yangu ikiwa kupiga picha wakiruhusu. Mkalimani alisimama katikati, na sijawahi kumwona hivyo. Alinyooka. Mzee wa upande wa binti akisema, yeye aliinamisha kichwa, kisha akageuka na sauti ikatoka, na ungeapa kwamba ni yule mzee anayezungumza nasi. Mjomba akijibu kwa Kiiraqw, naye akawa mjomba. Walianza kutaniana, mzee yule na mjomba, juu ya ng'ombe wa nyanda za juu wanaokonda kwa kutazama mlima, na kicheko kilitoka pande zote mbili karibu kwa pamoja. Alikuwa na furaha. Nataka hilo lieleweke: alifika mahali alipopatafuta, na kwa sehemu ya asubuhi moja alikaa hapo.

Kisha bibi mmoja, shangazi wa binti, aliyekuwa kimya kwenye kigoda, akauliza jambo. Mkalimani akakawia. Kisha akageuka kwetu akasema:

"Mtu huyu mnayemtumia, ni ndugu yenu, au mmemleta kwa malipo?"

Mjomba akatazama chini. Akajibu kwa Kiiraqw, haraka, "Mwambie ni ndugu yetu."

Mkalimani akamgeukia bibi. Alisema sentensi fupi, nadhani ndiyo hiyo, neno kwa neno, kwa sababu bibi alitikisa kichwa kukubali. Mambo yangeishia hapo. Alikuwa amebeba uongo wa watu wengi mahakamani na haukumchafua, haukuwa wake. Lakini hakurudi nusu hatua nyuma. Alibaki pale mbele, mdomo wazi, kisha akasema jambo jingine, kwa Kibarbaig, na akalirudia kwetu kwa Kiiraqw ili pande zote zisikie sawa:

"Hayo ni maneno yake. Mimi nimelipwa."

Hakuna aliyepiga kelele. Bibi alisimama akatikisa vumbi kwenye vazi lake la ngozi. Pombe ya asali iliyokuwa imeletwa ikarudishwa ndani. Mjomba, tulipokuwa tunarudi barabarani, alimwuliza, "Sasa mzee, ulishindwa nini kunyamaza?"

"Aliniuliza," alisema Mkalimani.

"Aliniuliza mimi," mjomba alisema.

"Habari zilikuwa zangu."

Binamu yangu alioa hatimaye, maneno yakabebwa na mama mmoja aliyezaliwa kule na kuolewa huku, ambaye, wanasema, aliruka nusu ya yale yaliyosemwa na kuyatia sukari yaliyobaki. Ndoa ina amani. Lakini habari ya bahasha ilitembea wilaya zote mbili. Huku walisema yule mzee anaanika watu. Kule walisema yule mzee anapokea. Hakukuwa na mtu tena wa kumwita, kwa bure wala kwa malipo.

Nilimuuliza kama anajuta. Alikuwa amekaa dukani kwenye kile kiti cha plastiki, akikunja na kukunjua tangazo lake la zamani.

"Ningenyamaza ningekuwa ndugu yao," alisema. "Mzee huyu hakwenda kule kutafuta undugu."

Binti yake akaanza kupiga simu mara kwa mara. Alisema baba hawezi kubaki peke yake kwenye baridi anaongea na redio, kuna chumba Arusha, kuna wajukuu. Baada ya mavuno atakuja kumchukua. Mkalimani alimwomba asubiri, akipata kazi atabaki, asipopata atakwenda. Binti alikubali, kama unavyomkubalia mtoto. Mahindi yalikuwa yameshaanza kukauka shambani.

Basi walipofika dukani watu wa kampeni ya kuogesha ng'ombe, wakitaka mtu wa kutangaza kwa lugha tatu habari za dawa ya kupe, nilimpigia kabla hawajamaliza kueleza. Alikuja na koti limepigwa pasi. Nilimrekodi kwenye chumba cha nyuma, shangazi amezima mashine ya kopi, blanketi tumelitundika mlangoni kuzuia kelele za soko. Alisema tangazo mara nyingi sana. Mara anasema pumzi imesikika, mara mimi nasema jogoo amewika. Sisi wawili tu ndio tungeweza kufurahia kazi ya namna hiyo. Tangazo lilisema ng'ombe wote wa vijiji vile waletwe josho la juu, siku za Jumanne na Alhamisi. Mwishoni niliacha nafasi ya ukimya kabla halijaanza upya, ili lisiwe kama linamfukuza msikilizaji. Alipolisikiliza lote, alifunga macho akasema, "Watu watasema ni kazi nzuri." Kwa kinywa chake hayo yalikuwa machozi.

Walimlipa pale pale. Akaniuliza mimi, si wao, gari la matangazo litampitia saa ngapi siku ya mnada.

Niliinuka kulitungua blanketi la mlangoni, swali nikaliacha kwao. Nilidhani wameshamwambia. Sijui kwa nini nilidhani hivyo, mimi ninayehakikisha kufuli la duka mara tatu kila jioni.

Siku ya mnada alisimama kando ya barabara Daudi tangu ukungu haujapanda, amevaa viatu vya mahakamani. Jirani yake ndiye aliyenisimulia. Gari lilikuja, pikapu lenye spika mbili juu. Alinyoosha mkono. Dereva akampigia honi ya salamu na kupita, na sauti ya Mkalimani ikapita nalo, ikishuka kuelekea Dongobesh, inasikika vizuri sana, kila neno limekaa mahali pake. Alibaki amesimama mpaka haisikiki. Kisha akamuuliza jirani, "Umesikia pale kwenye Kibarbaig? Nilivuta kidogo."

Mavuno yakaisha, binti akasema Jumamosi anakuja. Alikuja kweli, na siku hizi nyumba ya Daudi amepanga mfanyabiashara wa vitunguu swaumu, na magunia yamejaa mpaka dirisha la redio. Kutoka Arusha sijapata habari zaidi ya kwamba hajambo. Ila siku chache kabla ya Jumamosi ile nilimwona mara ya mwisho, na sikutarajia kumwona pale.

Nilikuwa nimemsindikiza mjomba kwenye mnada wa huko Hanang, upande wa chini ya Endasak, alikokwenda kuuza dume. Kabla hatujaingia uwanjani nilisikia sauti ya Mkalimani, ile niliyoirekodi, inasema josho la juu, Jumanne na Alhamisi. Pikapu lilikuwa limeegeshwa karibu na wachoma nyama. Na nusu hatua nyuma ya pikapu, kidogo kushoto, alisimama mwenyewe, vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo babu. Umefikaje huku?"

"Marahaba. Kwa miguu na kwa huruma za watu. Binti, unaweza kurekebisha tangazo?"

Akanieleza. Tangi la josho la juu lilipasuka, maji yakamwagika yote, kazi ikahamishiwa josho la chini karibu na shule. Kila mtu wa kampeni anajua. Tangazo halijui. Watu wanaswaga ng'ombe mpaka juu, wanakuta simenti kavu, wanarudi.

Nilisema naweza kurekebisha, anipe siku moja. Dereva, kijana mwenye mswaki wa mti mdomoni, alitikisa kichwa. "Dada, mimi nimepewa kadi ya tangazo na mafuta. Nazungusha. Mambo ya kubadilisha yana watu wake."

Wakati huo akaja mzee wa Kibarbaig, shuka imefungwa begani, fimbo mkononi, nyuma yake kundi la ng'ombe limechoka mpaka halisukumani. Alizungumza na dereva kwa muda mrefu. Dereva alitafuna mswaki. Mkalimani akainamisha kichwa, akasubiri, kisha akageuka:

"Nimeswaga ng'ombe tangu asubuhi mpaka josho la juu. Hakuna maji, hakuna mtu. Ndama wangu mmoja amelala njiani hakuamka. Sauti iliyonituma ni hii."

"Mwambie pole," dereva alisema. "Mwambie asubiri tangazo jipya."

"Lini?"

"Hilo sijui, mzee."

Mkalimani akamgeukia yule mfugaji akamwambia. Najua alimwambia yote, pole na kusubiri na kutojua, kwa sababu aliyatoa kwa mpangilio uleule na kwa unyonge uleule wa dereva. Mfugaji alitazama spika juu ya gari. Kisha akamtazama Mkalimani mdomoni, akasema neno fupi. Mkalimani hakulitafsiri.

"Amesema nini babu?"

"Amesema sauti ni yangu."

"Umemjibuje?"

"Nimemwambia ndiyo."

Kwa maisha yake yote ya kazi watu walimtazama yeye wakamwona mwenye kesi. Hakuna aliyemlaumu kwa wizi aliokiri. Sasa nilimwona amesimama na ndama wa mtu mabegani mwake, na hakumwambia yule mzee kwamba maneno yalikuwa ya watu wa kampeni. Alimwelekeza kwa mkono josho la chini lilipo. Mfugaji akageuza kundi lake bila kuaga.

Nilimwambia twende, mjomba ana nafasi kwenye gari la kurudi. Hakwenda. Tangazo lilikuwa limefika mwisho, na ikaja ile nafasi ya ukimya niliyoiacha. Ndani ya nafasi hiyo alipaza sauti, kwa Kibarbaig, kisha Kiiraqw, kisha Kiswahili: si kule, ni josho la chini. Maneno ya mwisho yalikatwa, tangazo likaanza upya. Watu wachache waligeuka. Wengi walidhani ni mzee amelewa anayegombana na spika. Ukimya ulipokuja tena, akarudia, haraka kidogo, yakatosha.

Nilimwachia maji ya kunywa. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka simu yake ilipolia mfukoni mwa koti. Akaitazama, akaipokea, akaziba sikio la pili kwa kidole.

"Mwanangu," alisema. "Siwezi kuongea sasa, nipo kazini. Nitakupigia nikitoka."

Akairudisha simu mfukoni, akarudi nusu hatua nyuma, akainamisha kichwa, akasubiri sauti yake imalize.